Uzuri, Weupe na Haki: Mfasiri Mbele ya Neno "Fair"

Wanaofasiri mashairi kutoka Kiingereza wanajua kwamba maneno makubwa si adui wao wa kwanza. Neno zito hujulisha uzito wake mapema. Mfasiri hulikalia kitako, akafungua kamusi, akawauliza wajuzi, na mwishowe akapata pa kulishika. Linaloponza ni neno dogo la kila siku, ambalo mtoto wa skuli analijua na mfasiri hulipita bila ya kulitolea salamu. Katika makala haya nakusudia kulichunguza neno moja la namna hiyo, neno "fair", kwa sababu mbili. Kwanza, limetapakaa katika ushairi wa Kiingereza, hasa wa Shakespeare, kama mchanga ufukweni. Pili, ndani yake imo hukumu iliyofichwa, na hukumu hiyo inatuhusu sisi watu wa mwambao zaidi ya tunavyodhani.

Asili ya neno hili ni Kiingereza cha kale, ambako liliandikwa "fæger", na maana yake ilikuwa ni uzuri, yaani kitu cha kupendeza macho. Kutoka shina hilo yakachipua matawi. Mbingu isiyo na mawingu ikaitwa "fair". Upepo unaokisukuma chombo kule kinakokwenda ukaitwa hivyo pia, kama sisi tunavyosema pepo njema. Nakala ya mwisho ya maandishi, iliyosafishwa makosa na kuandikwa kwa mkono mzuri, nayo ikalipata jina hilo. Mwanamke mzuri akaitwa "fair", kisha wanawake wote kwa jumla wakaitwa jinsia ya "fair", kana kwamba uzuri ni kazi waliyoajiriwa. Maneno matamu ya kubembeleza yakaitwa "fair", na hapo neno likaanza kuingia shaka, kwani kinachopendeza masikioni huenda ndani hakina kitu. Ngozi nyeupe na nywele za rangi ya dhahabu zikaitwa "fair". Hakimu asiyependelea, bei isiyomdhulumu mnunuzi na mchezo usio na hila, vyote vikaitwa "fair". Mwishowe neno likachoka: mwalimu anapoliandika katika ripoti ya mwanafunzi hakusudii uzuri wala haki, bali kwamba kazi ni ya wastani, haina la kusifiwa wala la kulaumiwa sana.

Ipo na "fair" nyingine, ile ya gulio na maonyesho ya biashara, ambayo haina udugu na hii tunayoizungumza. Hiyo imetokana na neno la Kilatini "feria", siku ya mapumziko, ikafika Uingereza kwa kupitia Kifaransa. Thackeray alipoiita riwaya yake Vanity Fair, iliyokamilika mwaka 1848, alilikusudia gulio la ubatili ambalo John Bunyan alikwisha kulisimulia mwaka 1678. Tuiache hiyo pembeni.

Msomaji ataniambia: neno moja kuwa na maana nyingi si ajabu, Kiswahili kimejaa maneno kama hayo. Ni kweli. Tunaye paa wa mwituni, tunalo paa la nyumba, na tunasema ndege ameruka akapaa. Lakini maneno hayo matatu yamekutana njiani tu, kila moja lina kwao. Anayesikia habari za paa la nyumba hafikirii mnyama. Maana za "fair" haziko hivyo. Ni ndugu wa tumbo moja, wanakaa nyumba moja na wanakula sinia moja, na kila mmoja akiitwa, wengine nao hugeuza vichwa. Anayesikia "fair" kwa maana ya uzuri husikia na weupe kwa mbali. Anayesikia weupe husikia na usafi. Anayesikia usafi husikia na haki. Hilo ndilo jambo la kuangaliwa.

Tuanze na soneti za Shakespeare, zilizochapishwa mwaka 1609. Soneti ya 127 hufungua lile kundi la mwisho ambalo wahakiki wamezoea kulihusisha na bibi mweusi. Hoja yake ni kwamba vipimo vya zamani havikuupa weusi nafasi katika uzuri, na kwamba sasa mambo yamepinduka. Katika Kiingereza hoja hiyo imejengwa juu ya "fair", na msomaji aangalie ujanja uliomo. Ukisema kwamba weusi si "fair", ikiwa "fair" ni weupe, umesema jambo ambalo hakuna awezaye kulikataa: cheusi si cheupe. Papo hapo, ikiwa "fair" ni uzuri, umesema jambo jingine kabisa, ambalo watu wana haki ya kulibisha. Mwenye kulikubali la kwanza huwa amekwisha kulimeza na la pili, bila ya kutafuna. Mshairi mwenyewe anaujua ujanja huo na anauchezea; anasifu macho meusi ya mpenzi wake kwa kuligeuza neno ndani nje. Lakini mchezo wake hauna ladha kwa asiyeuona mfundo unaofunguliwa.

Sasa mfasiri wa Kiswahili afanye nini? Mbele yake ipo milango mitatu: uzuri, weupe na haki. Kiswahili hakina mlango mmoja unaoingiza vyumba vyote vitatu. Akitia "uzuri", soneti inasimama vyema kwa masikio yetu, lakini imekuwa soneti ya mwanamke ambaye watu hawakumwona mzuri, na rangi imebaki kama jambo la kuongezea. Akitia "weupe", maana ya rangi inatokeza lakini sifa inapotea, kwani katika Kiswahili kusema kuwa mweusi si mweupe ni kusema maji ni maji. Mlango wa haki katika soneti hii haufunguki kabisa. Huo ndio wakati ambapo wengi husema kwamba lugha yetu imepungukiwa. Mimi nasema kinyume chake. Kiswahili kimekataa kusema mambo mawili kwa pumzi moja, na kwa kukataa kwake kimetuonyesha kwamba mambo yalikuwa mawili.

Mfano wa pili ni Othello. Katika onyesho la tatu la tendo la kwanza, mtawala wa Venisi anamfariji mzee Brabantio, ambaye binti yake Desdemona ameolewa kwa siri na jemadari mweusi. Anamwambia kwamba, ikiwa wema una uzuri wake, basi mkwewe ana u-"fair" mwingi kuliko weusi. Je, hiyo ni sifa au ni tusi? Kwa Kiingereza ni vyote viwili, na hadhira inaweza kuipokea kwa sura inayoitaka. Mfasiri akiandika kwamba mkwe ni mzuri zaidi kuliko alivyo mweusi, msikilizaji wa Unguja au Lamu atauliza kwa haki kabisa: uzuri na weusi umeviwekaje katika mizani moja? Akiandika kwamba mkwe ni mweupe zaidi kuliko alivyo mweusi, watu watacheka. Akiandika kwamba ni mwadilifu zaidi kuliko alivyo mweusi, maneno yatakuwa na adabu lakini dharau itakuwa imejifunika shela.

Kwa rai yangu, hapa mfasiri achague "mweupe" na acheko litoke. Msemaji ni mtawala wa mji ambao unahitaji upanga wa Othello dhidi ya Waturuki usiku ule ule, lakini hauna neno la kumsifia ila rangi ya wenyewe. Kicheko cha hadhira yetu kitakuwa ni uhakiki mzuri kuliko maelezo yoyote ya chini ya ukurasa.

Mfano wa tatu ni wa karibu zaidi nasi, kwa sababu umekwisha kuvikwa nguo za Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na The Merchant of Venice, iliyotoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina hilo la pili limezungumzwa sana. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja; kwa Kiswahili ni mabepari wengi. Siwezi kuliona hilo kuwa ni kupitiwa kwa mfasiri. Miaka miwili baada ya Azimio la Arusha la 1967, neno "bepari" lilikuwa na makali yake, na mfasiri alilichomoa kwa kujua. Nalitaja hapa ili kuonyesha kwamba tafsiri ni hukumu, na kwamba mfasiri anayedhani hahukumu huwa amemwachia mwingine ahukumu kwa niaba yake.

Katika tamthilia hiyo ipo miji miwili, Belmont na Venisi. Belmont ni mji wa uzuri na posa. Venisi ni mji wa biashara na mahakama. Portia wa Belmont anasifiwa mara kwa mara kwa neno "fair". Mara anapoposwa na Mwanamfalme wa Moroko, mtu mweusi, mposaji huyo anaanza kwa kuomba asichukiwe kwa ajili ya rangi yake, ambayo ni vazi alilopewa na jua. Portia anamjibu kwamba, lau si sharti la marehemu baba yake, yeye Moroko angesimama "fair" sawa na mposaji yeyote aliyekwisha kumwona. Jibu hilo ni asali yenye mwiba. Moroko anasikia sifa: kumbe weusi wangu si kasoro. Mtu wa sheria anasikia ahadi ya nafasi sawa. Na hadhira, ambayo muda si mrefu imemsikia Portia akiwakejeli wote waliokwisha kuja, inajua kwamba kulinganishwa nao si heshima. Moroko akishindwa na kuondoka, Portia anatamani kila mwenye rangi ile achague vivyo hivyo. Hapo ndipo siri ya neno inapotoka kweupe.

Hapa, kwa bahati njema, Kiswahili kina neno linalofaa kuliko "mzuri" na kuliko "mweupe": nalo ni "sawa". Portia akisema kwamba Moroko angesimama sawa na wengine, tunapata usawa wa nafasi, tunapata adabu ya mdomoni, na tunapata ule ubaridi wa mtu anayejibu "sawa" huku moyo wake uko kwengine. Silabi mbili tu, na dharau yote imo. Kisha tukumbuke kwamba mwanamke huyu huyu, aliyesifiwa uzuri Belmont, ndiye atakayevaa joho la mwanasheria na kuingia mahakamani Venisi, kumhukumu Myahudi Shylock. Neno linalomsifia uso linaahidi na haki mkononi mwake. Je, Moroko alipata haki? Je, Shylock aliipata? Mfasiri anayelipa neno hili sura moja tu tangu mwanzo hadi mwisho huwa ameifunga njia inayoiunganisha miji miwili ya tamthilia.

Macbeth nayo isisahauliwe, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri ikatoka kwa jina la Makbeth mwaka 1968. Wachawi wake hulichukua neno "fair" na kinyume chake, "foul", wakavichanganya hata kizuri na kibaya vikawa kitu kimoja. Na Macbeth anapoingia mara ya kwanza, neno lake la mwanzo linarudia mchanganyo ule ule bila ya yeye kuwasikia. Jozi hiyo kwa Kiingereza imefungwa kwa sauti moja ya mwanzo. Kwetu "zuri" na "baya" hazifungani kwa sauti, lakini zina mizani sawa, na mshairi hodari anaweza kuzipanga zikapokezana mwanzo na mwisho wa ukwapi na utao. Hapa hakuna suala la rangi, na "zuri" linatosha. Si kila "fair" ina mtego.

Sasa tujitazame wenyewe, maana nyani haoni kundule. Je, Kiswahili hakina neno linalofungamanisha uzuri na wema? Kinayo tele. "Mzuri" kwetu ni wa sura na ni wa tabia. "Hisani" tumeipokea kutoka Kiarabu, kutoka shina ambalo kwalo uzuri na wema ni jambo moja; leo tukisema mtu ana hisani hatufikirii uso wake bali mkono wake. "Jamala" nayo imetoka katika uzuri, ikafika kwetu kuwa ni adabu na upole wa kutendeana. Maneno hayo mawili ni hazina kwa mfasiri, na nashangaa hayatumiki zaidi. Yana silabi tatu tatu, yana mwendo laini, na yanabeba safari ile ile ya "fair" kutoka usoni hadi moyoni, bila ya kupitia kwenye rangi ya ngozi.

Lakini tunalo na neno "uungwana". Watangazaji wa mpira husema "mchezo wa kiungwana" pale Waingereza wanaposema "fair play", na ni tafsiri nzuri, yenye harufu ya pwani. Wazungu wengine walishindwa hata kuitafuta: Wajerumani na Wafaransa wameichukua "fair play" kama ilivyo, na vijana wetu nao siku hizi wanasema "hiyo si fea". Kwa hivyo tunaweza kujisifu. Ila tusisahau kwamba muungwana, kwa asili ya neno, ni mtu aliyezaliwa huru, na kinyume chake alikuwa ni mtumwa. Visiwa hivi vilikuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873. Tunaposema kwamba mwenye tabia njema ni muungwana, tumekwisha kusema, bila ya kutaka, kwamba tabia njema ilikuwa ya waliozaliwa huru. Huo ni mfundo ule ule wa "fair": daraja ya kuzaliwa imejificha ndani ya sifa ya tabia. Sisemi neno liachwe. Ni zuri na limekwisha kutakasika kwa matumizi. Nasema mfasiri anayeuona mfundo wa wenzake auone na wa kwao.

Na weupe? Tunasema moyo mweupe kwa moyo usio na kinyongo, tunasema roho nyeusi kwa roho ya uovu. Rangi ya maji ya kunde ina mashairi yake, lakini katika mazungumzo ya harusi si nadra kusikia bibi harusi akisifiwa weupe kabla ya kusifiwa jambo jingine. Madukani ilifika krimu iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975 kwa jina la Fair & Lovely. Jina hilo lilitegemea mchezo ule ule wa soneti ya 127: anayeahidiwa uzuri anauziwa weupe. Mwaka 2020 wenye krimu waliliondoa neno "fair" wakaweka "glow", yaani kung'ara, kwa kuwa ulimwengu ulikuwa umeanza kuuliza maswali. Neno lililokuwa likiwastarehesha wapenzi wa ushairi kwa karne nne liliondolewa kwenye kibati kwa aibu. Lakini mkorogo haujaondoka katika meza za kujipambia, na binti anayejichubua ngozi hakusoma soneti yoyote. Hukumu ile ilimfikia bila ya ushairi.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba katika shairi muziki ndio wa kutangulizwa, na kwamba "mzuri" inatosha kila mahali kwa sababu inakaa vyema katika kina. Nauheshimu muziki, shairi lililofasiriwa bila ya vina na mizani ni samaki aliyeparwa akaachwa juani. Lakini "fair" ni silabi moja, na mstari wetu una mizani kumi na sita, nane kwa nane. Nafasi ya kusema ukweli ipo. Mwingereza alibana maana tatu katika silabi moja kwa sababu mstari wake ni mfupi; sisi hatuna dhiki hiyo, basi tusijitie dhiki ya kukopa.

Mwenye kukutana na neno hili na ajiulize mambo matatu kabla ya kuandika. Nani anasema? Anamwambia nani? Na kinachopimwa ni uso, ngozi, au hukumu? Ikiwa ni hali ya anga, upepo au mwandiko, atie "njema", "nzuri" au "safi", aendelee na safari. Ikiwa ni uzuri usio na habari ya rangi, atie "uzuri", au akitaka kuutia na tabia, atie "jamala". Ikiwa ni haki, atie haki. Lakini ikiwa msemaji anasifu uzuri na huku anapima ngozi, mfasiri asimfichie siri. Atie "weupe", na autie katika kinywa cha msemaji huyo peke yake, asiuache ukatambaa mpaka ukawa ni sauti ya shairi zima.

Hapo tafsiri haitakuwa kivuli cha Kiingereza. Wapo wanaosema kwamba Shakespeare hapungukiwi kwa kusomwa kwa lugha nyingine. Mimi naongeza kwamba ziko siri zake ambazo husikika vizuri zaidi katika lugha isiyokuwa yake, kwa sababu lugha hiyo haijazoea kuzinyamazia. Nawaomba washairi wa ukurasa huu waijaribu soneti ya 127 kwa Kiswahili, kila mmoja kwa bahari aipendayo, na wasiutie "uzuri" mpaka wawe wameubisha hodi mlango wa pili.